Watu wa Moto Mmoja

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu Safiya anayejua mpaka kipimo cha kofia yangu. Sina ugonjwa wa tumbo.

Shule nzima yaamini ninao. Maalimu wa hesabu huniombea dua mbele ya darasa. Wenzangu huniachia kiti cha karibu na mlango, kwa huruma. Mama wa mmoja wao aliniletea habasoda kwenye chupa ya asali. Nikaila yote. Chungu! Nilistahili.

Ukweli ni kwamba nachelewa kwa sababu nazunguka. Kutoka kwetu hadi shule njia imenyooka kama uzi, lakini katikati yake kuna duka la nyavu la Mzee Mukhtari, mbele ya duka kuna baraza, na barazani kuna wazee. Kila asubuhi. Kila mmoja lazima apewe mkono, aulizwe hali, naye aniulize mama, bibi, baba aliye melini, Mjomba aliye kisiwani Koyama, na masomo yaendaje. Ulimi wangu hukauka. Viganja hutoa maji. Nimewaona wazee wakijifuta kwenye kikoi baada ya kunishika. Nimewaona kwa macho yangu!

Basi napita nyuma, kwa soko la samaki, katikati ya matumbo ya papa na paka wanaoyagombania. Nafika nikinuka. Nasema tumbo. Kwa harufu ile, nani atabisha?

Nina miaka kumi na sita. Nimesoma Mombasa kwa Kiswahili, tukarudi Kisimayu nikasoma kwa Kisomali. Lugha mbili kichwani, na mzee akiniuliza “Wambaje, Fahad?” sina neno katika zote.

Lakini leo nimepata dawa. Imo simuni.

Jumapili, 9 Novemba

Dawa yenyewe ni Daktari. Ni Msomali akaaye Ulaya, hana sura, ana sauti tu, na hufundisha jinsi nafsi ya mtu ilivyoumbika tangu watu wa kale wawindaji, na jinsi ya kuituliza kwa kujua hayo. Nimemsikiliza chini ya shuka mpaka sikio likawaka moto.

Asema hivi. Mtu wa kale aliishi na watu wachache, wote wakienea kuzunguka moto mmoja. Sura alizozijua ni hizo. Sura nyingine yoyote ilikuwa hatari: labda yuwaja kunyang'anya nyama, labda yuwaja kuua. Mwili ukajifunza kuogopa kwanza na kuuliza baadaye. Ni kama kuku mwenye vifaranga. Kila kivuli kikipita yeye huwakusanya, hata kivuli cha mfuko wa plastiki, kwa kuwa afadhali kukimbia mfuko mara mia kuliko kumdharau mwewe mara moja. Leo mji umejaa sura, na mwili bado uko kichakani.

Nililia kidogo. Mimi si mgonjwa. Mimi ni wa kale!

(Habari za nyani simo. Bibi akinisikia hata nalitaja hilo neno, nitalala kwa shehe nikisomewa.)

Bando likaisha kabla Daktari hajafika mwisho. Haidhuru, nimeshaelewa. Tiba ni kupunguza sura. Nitachagua watu wa moto mmoja, nitasalimia hao tu, wengine nitawapita kama miti.

Nikaenda kulitazama jiko letu la makaa. Mama, Safiya, Bibi (yeye anakaa nafasi ya wawili), wadogo zangu, Mjomba Bakri akija kutoka Koyama. Pakajaa. Binamu yangu Faris nimemtoa, tena kwa furaha. Faris ni rika langu, na husalimia kama mtu anayegombea ubunge. Hushika mkono kwa mikono miwili! Hucheka kabla ya utani! Mama husema, “Mwangalie mwenzako.” Namwangalia, mama. Ndiyo maana sitaki akae motoni mwangu.

Mzee Mukhtari alinipa taabu kidogo. Mwanawe Athman, anayewauzia wavuvi barafu, amemposa Safiya. Safiya amemngoja tangu tuko Mombasa, kwa salamu za simu na subira. Jibu ni ndiyo. Nyumba nzima yajua, hata mbuzi wa jirani ajua. Lakini kwetu jibu halitamkwi kabla ya siku yake. Washenga watakuja Alhamisi baada ya alasiri, Mjomba Bakri atajibu kwa niaba ya baba, na mpaka hapo ni kimya. Ndiyo ya haraka humfanya msichana aonekane wa kupewa bure. Siku hizi za kungoja, upande wa mume hubaki kusoma dalili tu: nani kacheka, nani kanuna, sahani imekuja na nini.

Nikaamua: Mzee Mukhtari bado si mkwe. Akishakuwa mkwe ataingia motoni. Kwa sasa ni mti.

Jumatatu, 10 Novemba

NIMEPITA.

Njia iliyonyooka! Mbele ya baraza! Simu sikioni, uso mbele, nikijibu “naam, naam” kwa mtu asiyekuwepo. Upande wa jicho nikamwona Mzee Mukhtari akiinua mkono. Nikasema “naam” moja kubwa zaidi, simuni, nikaenda zangu. Mkono ukabaki juu. Sikugeuka kuona ulishuka lini.

Sikufa. Moyo ulipiga mpaka kona, kisha ukatulia. Daktari, Mungu akulipe!

Nilifika shule kabla ya kengele. Maalimu aliponiona nimeketi, akamshukuru Mungu kwa sauti kwa kunipa afya ya tumbo. Darasa likapiga makofi. Nilitamani sakafu inimeze pamoja na kiti.

Faris kanifuata wakati wa mapumziko. Ati amepita barazani baada yangu, akapewa kahawa, akaulizwa mimi nina nini. Akataka kujua kama mimi na Mzee Mukhtari tumegombana. Nikamwambia hayo ni mambo ya afya ya nafsi, hatayaelewa. Akasema kweli hayaelewi, na kahawa ilikuwa na tangawizi.

Jumatano, 12 Novemba

Siku ya tatu ya kupita bila salamu. Leo mzee hakuinua mkono. Wazee wote walinyamaza nilipopita, nikasikia viatu vyangu mwenyewe. Nikaona ni maendeleo. Wameanza kunizoea.

Alasiri pakaja mtihani mkubwa. Wiki iliyopita mke wa Mzee Mukhtari, Bi Wardah, alituletea mkate wa mchele kwenye sahani yake ya maua. Mama akaijaza visheti vya moto, akaifunika kawa, akaniita. Akasema nipeleke mwenyewe, nipige hodi, nimwamkie Bi Wardah vizuri, nimwambie mama asalimia sana. Sahani ya mkwe hairudi tupu, akasema, na siku hizi hata kisheti kimoja kinasomwa. Akanitengeneza kola. Akanitazama kama anayetuma yai kwa bajaji.

Nilisimama mlangoni kwao muda mrefu sana. Ndani nilisikia wanawake wanacheka. Sura! Sura nyingi! Nikafungua kinywa kupiga hodi, kikatoka kitu kama kikohozi cha paka. Nikakumbuka Daktari. Mwili wajua usemalo. Kwa nini niupinge?

Nikaiweka sahani kizingitini, kawa juu yake, polepole, isilie. Akitoka ataiona. Visheti vyenyewe ni salamu. Nikaondoka nikinyata, nikijisifu. Kwenye kona nikapishana na mbuzi mweusi wa jirani, anaelekea kule nilikotoka. Nikampa njia. Mbuzi ana safari zake.

Mama aliuliza Bi Wardah amesemaje. Nikasema amefurahi. Uongo huu nauandika hapa ili nionekane mkweli mahali pamoja.

Alhamisi, 13 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Mjomba Bakri alifika asubuhi kutoka Koyama, kakoga, kavaa kanzu nyeupe, kaja na nguru wawili wakubwa. Mmoja akapikwa, wa pili akalala kwenye barafu. Ukumbi ukatandikwa mikeka mipya. Udi ukafukizwa mpaka Bibi akakohoa. Safiya alikaa chumba cha ndani na leso yake nzuri, akijifanya anasoma simu, na simu ilikuwa chini juu.

Alasiri ikapita. Hatukusikia kiatu. Mjomba akatoka nje kuangalia, akarudi, akasema labda wamechelewa msikitini. Baadaye akatoka tena. Mara hii aliporudi akavua viatu. Wali ukafunikwa. Maghribi ikaadhiniwa. Wadogo zangu wakauliza kama sasa wanaweza kula, Mama akawajibu kwa jicho.

Hawakuja. Hata mtu wa kusema hawaji hakuja.

Safiya alitoka, akakunja kanga kiunoni, akaanza kuosha sahani ambazo hakuna aliyezilia. Alizisugua zote. Nikamwambia hizo ni safi. Akasema najua.

Faris ndiye aliyeleta habari, kwa kuwa Faris husalimia kila mtu na kila mtu humwambia. Akanivuta nje. Mtaa mzima wasema tumekataa posa. Kwanza kijana wao ameacha kumsalimia Mzee Mukhtari, apita na simu kama waziri. Kisha sahani. Bi Wardah aliikuta kizingitini mwake haina hata chembe, imepinduliwa kifudifudi, na kawa imetupwa huko mchangani. Alikaa jikoni akalia. Akasema kama hawamtaki mwanangu si waseme, sahani imewakosea nini? Athman hajala tangu jana.

Faris akaniuliza nani alipeleka sahani ile. Nikasema sijui. Akanitazama. Faris, ambaye hucheka kabla ya utani, hakucheka.

Mbuzi! Mbuzi mweusi! Nilimpa njia!

Ijumaa, 14 Novemba

Nilifikiri sana. Kusema ukweli kulitaka nizungumze mbele ya watu, basi nikatafuta njia nyingine. Daktari aligusia kwamba watu wa kale wakikosana hawakutoa hotuba. Aliyekosa alileta nyama, akaiweka, wote wakala, yakaisha. Nyama husema. Mdomo wa nini?

Na kwenye barafu kuna nguru wa pili.

Mpango: nitampeleka nguru kwa Bi Wardah asubuhi, kimya kimya, zawadi kutoka kwetu, wataelewa. Nikamkumbatia samaki mzima njia nzima, kanzu ya Ijumaa ikawa na magamba. Sikuonekana na mtu. Nikamlaza kizingitini pale pale, kichwa kikitazama mlango kwa adabu. Mbuzi hali samaki. Safari hii nilifikiri kila kitu!

Sikufikiria kuwa leo ni Ijumaa, na kwamba nyumba ile yote huenda kwa bibi yao asubuhi na hairudi mpaka baada ya sala. Wala sikufikiria jua.

Tulikuwa tumekaa baada ya chakula uliposikika mlango. Haukubishwa, ulipigwa. Bi Wardah! Kashika nguru kwa mkia, kamnyoosha mbali na mwili wake, nzi wanamfuata kama harusi.

“Kaltuma!” akamwita Mama. “Salamu mmetunyima, tukanyamaza. Sahani mmenipindulia, tukanyamaza. Sasa mwatutupia samaki mbovu? Mwanangu ni paka?”

Mama akaapa. Bibi akaapa. Bibi hata akaapia meno ambayo hana tena, akasema hajaona mchu (ndivyo asemavyo mtu) akaleta fitina kubwa namna hii tangu azaliwe kisiwani Chula. Bi Wardah akasema fitina inanuka, si lazima kuiona. Majirani wamejaa mlangoni, wameziba pua lakini hawaendi.

Ndipo Mjomba Bakri akasogea, akamtazama yule samaki shavuni. Akasema taratibu, “Huyu nguru namjua. Ndoano ilimchana hapa. Jana alikuwa kwenye barafu yetu.”

Kila mtu akageuka. Sijui kwa nini waligeukia upande wangu. Labda kwa sababu ya magamba.

Nikafungua kinywa. Kikohozi cha paka. Nikakimbilia nyuma ya pipa la maji, nikachuchumaa huko kama chura, nikisikia Mama anasema, “Mimi nimezaa nini?”

Safiya alinifuata peke yake. Nilitaka anipige. Alikaa chini kwenye tope na leso yake nzuri, akaniuliza polepole kama sitaki aolewe. Akasema kama Athman nimemwona na ila yoyote nimwambie yeye, atanisikiliza, kwa kuwa mimi huwa sisemi na labda nina sababu.

Alidhani nina sababu! Nikasema sababu ni kuwa naogopa wazee. Ilinitoka hivyo tu, kwa sauti ndogo. Akauliza, “Wazee gani?” Nikasema wote. Nikamwambia ya sahani. Nikamwambia ya mbuzi. Nikataka kumweleza ya mtu wa kale na moto, akainua kiganja.

Akasema yeye akienda kueleza, itakuwa msichana ajipigia debe mwenyewe, atachekwa mpaka mjukuu wake achekwe. Mama akieleza, itakuwa wanapika maneno baada ya kufumaniwa na samaki. Aliyewapita ndiye wa kurudi. Kisha akasema, “Ikivunjika hii, Fahad, mimi sitangoja nyingine.” Akainuka, akaenda kuifua leso.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeazima bando kwa Faris. (Alinipa bila kuuliza. Namchukia.) Nikasikiliza sehemu iliyobaki ya Daktari. Asema: baadhi ya watu hukosea, hudhani tiba ya hofu ni kujitenga. Asema kujitenga huinenepesha. Asema watu wa moto mmoja walipendana kwa sababu ya kugusana mikono na kuulizana hali kutwa, na kwamba aibu iliwekwa moyoni ili mtu arudi akatengeneze kabla hajafukuzwa kundini. Kwa hivyo, asema, sogea. Kidogo kidogo, lakini sogea.

Hayo angeyaweka mwanzo!

Baada ya asubuhi kutakata nikaenda. Bila simu. Wazee walikuwa pale wote na nyavu zao za kushona mapajani. Wakaniona naja. Sindano ya Mzee Mukhtari ikasimama hewani. Miguu ilitaka soko la samaki. Kwa mara ya kwanza niliwatamani wale paka.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yakaondoka yote. Ikabaki salamu peke yake. Basi nikaanza mwisho wa baraza. Asalaam aleikum, shikamoo, nikashika mkono, nikabusu. Nikaenda wa pili. Wa tatu. Jasho latiririka. Hakuna aliyesema neno zaidi ya kuitikia. Nikamfikia Mzee Mukhtari, akanipa mkono mzito kama kasia, nikaubusu, nikaendelea mpaka mwisho wa upande wa pili. Hapo nikatakiwa kusema. Sikuweza. Nikaogopa kunyamaza, nikarudi mwanzo nikaanza kuwaamkia tena wote upya!

Mzunguko wa pili wazee walianza kutazamana. Wa tatu mmoja akaficha mdomo kwa wavu. Nilipomfikia Mzee Mukhtari tena, hakuniachia mkono.

“Mwanangu,” akasema, “mbona wanibusu kama maiti? Au ni zile salamu za wiki nzima?”

Barazani palilipuka kicheko. Mzee mmoja alikohoa hadi akapigwa mgongoni. Nami nikaanza kulia, na katikati ya kilio yakatoka yote bila mpango: naona haya, kila siku nazunguka sokoni, sikutaka kumwudhi mtu, visheti vilikuwemo, vya moto, vimeliwa na mbuzi mweusi, na nguru alikuwa mzima alipotoka nyumbani, naapa, ni jua.

Mzee Mukhtari aliinama. Akautazama mkono wangu, unavyotoa maji mkononi mwake. Hakujifuta. Akawaambia wenzake kuwa mbuzi ana mashahidi, kwani juzi mwenye mbuzi alilalamika kuwa mnyama ananukia iliki. Akaniambia yeye, ujanani, alipomposa Bi Wardah, alikwenda kwao Darakasi na washenga, akajificha ndani ya mashua chini ya tanga mpaka jibu likaletwa. “Waniona leo mdomo mrefu,” akasema. “Nimeuota uzeeni.”

Halafu akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeogopa kuambiwa: nyumba yetu basi haijakataa?

Nikajua adabu. Jibu halitamkwi kabla ya siku yake. Nikafunga mdomo. Lakini nilitabasamu, meno yote, sikuweza kuyazuia. Akalisoma. Akaita kahawa.

Ilikuwa na tangawizi.

Jumapili, 16 Novemba

Wamekuja! Washenga, kanzu, udi, kila kitu. Mjomba Bakri akatoa jibu kwa maneno marefu sana hata ndiyo ikachelewa kufika. Bi Wardah na Mama walilia shingoni, wakimlaani mbuzi. Bibi akasema mchu akitaka mke mwema aoneshwe kwanza shemejiye mjinga, akistahimili, atastahimili yote. Watu wakacheka wakinitazama. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikafikiri sionekani. Miguu ilikuwa nje.

Sahani ya maua, waliyokuja nayo tena, imerudi kwao imejaa. Ilipelekwa na Faris.

Safiya alinipita ukumbini, akanibana sikio. Hakuvuta. Alilishika tu. Nikaona aibu zaidi kuliko kama angevuta.

Jumatatu, 17 Novemba

Mzee Mukhtari amenipa nambari yake ya simu na amri: kila asubuhi nipite barazani, nikae, ninywe kahawa, nizungumze nao. Ndiyo tiba yangu, asema. Nikasema inshallah, na mkono ukaanza kutoa maji.

Nimelala nikifikiri, nimeamka nimelifumbua fumbo. Daktari mwenyewe alisema kidogo kidogo! Sasa mtu akitoka kwenye hapana kabisa, kidogo chake ni kipi? Si mwili mzima. Mwili mzima ni mwingi. Kidogo ni sauti!

Basi leo asubuhi, nyuma ya pipa la maji, nimerekodi salamu simuni. Safi, bila kikohozi. Nimewataja wazee wote kwa majina, nimeuliza hali, nyumba, nyavu. Naweza kuituma kila siku na nisipoteze hata tone la jasho. Nimeituma kwa Mzee Mukhtari awasikilizishe. Mwisho nikaongeza, kwa adabu, ili nisiwasumbue watu wazima: hakuna haja ya kunijibu, wala kunitembelea.

Nikaenda shule kwa njia ya sokoni, nikiwa na amani kabisa. Nadhani nimeikamilisha kazi ya Daktari. Nitamwandikia.

Sasa ni alasiri. Nasikia viatu uani. Si vya Mama. Vingi, vyaburuzika, na kama fimbo mbili. Mjomba Bakri awakaribisha, auliza kuna nini. Sauti ya Mzee Mukhtari: ati wamekuja baraza nzima. Ati salamu hurudishwa kwa iliyo bora kuliko yake, kwa hivyo ya simu wameileta kwa miguu. Na ati wamekuja pia kuuliza, kwa heshima, wamekosa nini tena hata wakatazwe nyumba hii, na kama yale ya jana yangalipo.

Huko nje Mama aapa tena.

Safiya aniita. Jina langu, la baba, na la babu. Yuwaja. Naweka ukurasa huu chini ya mkeka, nitasema tumb